Mikono ya Mabeseni

Wifi yangu aliingia leba saa mbili asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, mkoba begani, na mtu wa kwanza kumwona nilikuwa mimi, nimeinama napiga deki. Alisimama mlangoni. Akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akaitazama tena sakafu.

"Hakuna mhudumu mwingine leo?"

"Yupo, anaumwa. Leo ni mimi mpaka saa kumi na mbili jioni. Pita pembeni, hapo panateleza."

Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, alikuwa nyuma yake na nguo za mtoto ndani ya mfuko. Alitutazama kama mtu aliyefunga paka wawili kwenye gunia moja. Akaweka mfuko juu ya kitanda cha kwanza, akasema anawahi kazini, atarudi. Kaka yangu ni hodari sana wa kuwahi kazini.

Kwa miaka miwili mimi na wifi tulikuwa hatupeani hata salamu. Siku walipohamia nyumba yao mpya nilipika tangu alfajiri, sufuria kubwa mbili, nikazibeba mwenyewe. Wageni walikuwa wameshajaa sebuleni. Nikamsikia wifi akisema, bila hata kushusha sauti, "Mimi chakula hicho siwezi. Mikono hiyo inabeba mikojo ya watu kutwa nzima." Mmoja akacheka. Mwingine akaiweka sahani chini taratibu, kama iliyokuwa na moto. Jioni nilizirudisha sufuria zangu zimejaa, na tangu hapo wanawake wa mtaa wakanipa jina: Mikono ya Mabeseni. Usiku ule, badala ya kusali, niliapa. Nilisema, ipo siku utayataka mabeseni haya, na yatakuwa mikononi mwangu, na utaniomba.

Mungu husikia mengi tusiyopaswa kusema.

Kazi yangu leba ni usafi, kubadili mashuka na kuwapelekea akina mama beseni la mkojo. Choo cha leba kilikuwa kimefungwa tangu wiki iliyopita, fundi bomba akiahidi kila siku kwamba anakuja kesho, kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine ila beseni. Mama akimaliza, nauchukua mkojo, naupima kwa jagi lenye alama, namwambia mkunga kiasi, naye anaandika. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja.

Ila miezi miwili iliyopita mambo yalibadilika. Nina miaka arobaini na minne, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikienda masomo ya jioni, nikikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa ubao. Nilianza na herufi, nikafika kwenye hesabu, nikafika kwenye grafu. Mkunga mkuu, tunayemwita Bi Rula kwa sababu hachori mstari wowote bila rula, alinikuta siku moja nasoma chati iliyobandikwa ukutani. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Hakunisifu. Alinipa kalamu tu akasema, "Kuanzia leo safu ya mkojo ni yako. Andika kiasi na saa. Ukikosea, ni mimi na wewe."

Ile chati ni karatasi moja kwa kila mama. Ina mapigo ya moyo wa mtoto, ina alama za njia inavyofunguka na kichwa kinavyoshuka, na ina mstari wa tahadhari uliopanda kwa mshazari. Alama za mama zikibaki kushoto kwa mstari, anaendelea vizuri. Zikivuka kwenda kulia, amechelewa, na watu wanaanza kukimbia. Chini kabisa, safu ya mwisho, ndipo mwandiko wangu ulipo. Nilikuwa nikiutazama kama mtu anavyotazama picha ya mwanawe. Bi Rula alikuwa pia ameniahidi barua ya kuniombea nafasi kwenye mafunzo ya wauguzi wasaidizi. Kila asubuhi nilimshukuru Mungu kwa mambo hayo mawili, kalamu na barua.

Bi Rula alimpima wifi. Njia imefunguka sentimita tano, kichwa bado kiko juu, moyo wa mtoto unadunda vizuri. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka saba ya ndoa. Akachora alama yake kwa rula, akaenda kitanda cha pili.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na muuza mitumba, mwanamke mnene mwenye maneno, pamoja na mama yake mzazi. Nimeona akina mama wengi, na kuna mambo nayajua bila kitabu. Mama anayetembeatembea hufunguka upesi kuliko anayelala chali. Anayekandwa mgongo huumia, lakini maumivu yake huwa na mwisho. Anayekaripiwa hujikunja, na akijikunja mwili nao hujifunga. Mwalimu wetu wa sayansi alitueleza kwamba mnyama akiwa anazaa akamwona adui, uchungu wake husimama ili apate kukimbia. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana niliwahi kuona.

Yule muuza mitumba alitembea kitanda hadi dirisha, dirisha hadi kitanda, mama yake akimsukuma mgongo kwa kiganja na kumwambia, "Tembea, mwanangu. Ulipokuwa unaingia huko hukuogopa." Naye akajibu, "Mama, hayo tutaongea nyumbani." Wakacheka wote wawili, kisha uchungu ukamshika, akaning'inia shingoni mwa mama yake.

Wifi hakuwa na mtu. Mama yake alishafariki, na dada yake yuko mbali. Alilala chali, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, macho yake yakinifuata kila ninapopita. Kwa mama asiye na mtu, huwa mimi ndiye ninayemkanda mgongo. Hakuna aliyenituma, ni kazi niliyojipa. Siku hiyo sikujipa.

Saa nne nilimpelekea beseni. Niliweka juu ya kistuli, mahali anapoona.

"Hilo hapo," nikasema. "Mikono ni ileile."

"Sina mkojo."

"Umekunywa chupa nzima ya maji."

"Nimesema sina. Mwite mwingine."

"Mwingine nani? Nikamwite kaka aache kazi?"

Akageuza uso ukutani. Ningeweza kusema neno moja laini. Ningeweza kumwita Bi Rula. Nilisimama pale nikihesabu sekunde, kisha nikalichukua beseni, kavu kama nilivyolileta. Nilipofika kwenye chati, kalamu mkononi, niliona aibu ya ajabu: kuandika sifuri kwenye safu yangu kungenifanya niulizwe kwa nini, na jibu lingekuwa wifi yangu anainyanyapaa mikono yangu mbele ya leba nzima. Nikaandika 200. Tarakimu zilikuwa nzuri, zimesimama wima.

Nikarudi kupiga deki, nikaomba. Nilisema, ee Mungu, mfungue salama. Na chini ya ombi hilo, kama panya chini ya mkeka, kulikuwa na ombi jingine: lakini aniombe kwanza.

Saa sita muuza mitumba alijifungua. Mama yake alimbeba mjukuu akamwambia, "Karibu, ulituchosha." Bi Rula akampima wifi. Sentimita saba. Kichwa palepale. Alama ikagusa mstari.

"Unajibana," Bi Rula akamwambia.

"Inauma hapa chini," wifi akasema. "Hata uchungu ukiondoka, hapa panabaki panauma."

"Ulitaka paume wapi, sikioni? Kelele punguza. Mtoto hatokei mdomoni." Akanigeukia. "Amekojoa?"

Beseni la saa sita lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimempelekea dakika chache kabla, na alikuwa amesema, kwa meno yaliyoumana, "Bora nipasuke." Nikalipeleka kwenye sinki, nikalisuuza lilivyokuwa safi.

"Amekojoa," nikasema, nikaandika 150.

Saa nane Bi Rula alimpima tena kabla ya muda wake, kwa sababu wifi alikuwa ameanza kutapika. Saba. Kichwa palepale. Safari hii alama ilivuka mstari. Bi Rula akaweka kiganja chini ya kitovu cha wifi, akabonyeza, wifi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia leba. Juu ya mfupa wa kinena palikuwa na mwinuko, kilima cha pili chini ya kilima cha kwanza. Bi Rula aliukunjia uso mwinuko ule. Akaichukua chati, akasoma safu ya mwisho kwa kidole, mia mbili, mia moja na hamsini, akairudisha. Aliuamini mwandiko wangu kuliko mkono wake.

"Nyonga ni nyembamba," akasema. "Nampigia daktari. Jiandae, mama, unaenda kufanyiwa upasuaji. Na mapigo ya mtoto siyapendi, yameanza kushuka kila uchungu ukija."

Machozi yalimtoka wifi kuelekea masikioni. Bi Rula akaenda kwenye simu, chumba cha pili.

Nilisimama na deki yangu. Mtu yeyote aliyefanya kazi leba anaujua mwinuko ule. Kibofu kikijaa hukaa mbele ya mtoto kama gunia lililoachwa mlangoni, kichwa hakipati pa kupita, na maumivu yake hayapumziki kati ya uchungu na uchungu. Nilijua kilichokuwa tumboni mwa wifi yangu. Kilikuwa mkojo wake na kiapo changu.

Nilijaribu kwanza njia ya siri. Nalisema hili ili nisijipambe. Nilikwenda kitandani, nikainama.

"Wifi, kojoa. Tafadhali. Hicho ndicho kinachomzuia mtoto."

"Leo unaniita wifi."

"Nitakuita utakavyo. Ukikojoa huendi kupasuliwa. Nakuangukia miguuni."

Alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alijinyanyua, nikamsogezea beseni. Nilifungua bomba la sinki, maji yatiririke, maana husaidia. Tukasubiri. Uchungu ukaja ukapita. Ukaja mwingine.

"Hautoki," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo. "Nataka, lakini hautoki. Nimeubana mpaka umekataa."

Basi kikawa kimebaki kitu kimoja, mpira wa kuutoa mkojo, na mpira huwekwa na mkunga, si mhudumu. Na mkunga hawezi kumwekea mpira mama ambaye chati inasema amekojoa mara mbili. Nilijua pia kwamba wangeuweka huko huko upasuaji, mkojo ungejaa mfuko, na kila mtu angejua. Lakini hapo kisu kingekuwa tayari mezani. Na kama mapigo ya mtoto yangeshuka zaidi wakiwa kwenye korido?

Niliomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilisema, nisukume. Kisha nikatembea.

Bi Rula alikuwa ameshika simu, anasubiri apokewe.

"Hajakojoa," nikasema.

"Nani?"

"Wifi yangu. Tangu asubuhi. Saa nne nilidanganya, na saa sita nilidanganya. Beseni lilikuwa tupu mara zote mbili."

Aliweka simu chini bila kuikata. Sauti ndogo ya daktari ilisikika ikisema, "Haloo, haloo." Bi Rula alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na bado hajajua ni nini.

"Kwa nini?"

"Hakutaka mikono yangu. Na mimi sikutaka kumbembeleza."

"Hamkutaka," akasema. "Mtoto naye hamkumuuliza anataka nini." Akachukua simu. "Daktari, nipe nusu saa. Ndiyo. Nitakueleza, na hutapenda."

Alipita mbele yangu kwa kasi, akavaa glavu mpya, akafungua pakiti ya mpira. Alimweleza wifi kwa maneno manne. Mimi niliambiwa nishike jagi. Mkojo ulianza kushuka, mweusi kama chai iliyochemka sana, ukashuka, ukashuka, nikabadilisha jagi, ukaendelea kushuka. Wifi alifumba macho, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani.

"Ngapi?" Bi Rula akauliza.

"Mia tisa na hamsini."

"Sema kwa sauti. Naye asikie."

"Mililita mia tisa na hamsini."

Kile kilima cha pili kilikuwa kimeisha. Bi Rula alisikiliza moyo wa mtoto, muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe toka nje."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni wifi aliposema, "Aende wapi? Abaki hapa. Akiwa nje nitaogopa zaidi. Nani anajua ataandika nini."

Bi Rula akafikiri. "Basi mkande mgongo. Na wewe, mama, inuka. Kulala chali sasa basi."

Tukamsimamisha. Alishika ukingo wa kitanda, nikaweka viganja vyangu chini ya mgongo wake, pale mifupa inapokutana, nikasukuma.

"Si hapo. Chini."

"Hapa?"

"Chini zaidi. Unakanda kama unafuta meza."

Nikashuka. Uchungu ulipokuja aliegemea mikono yangu kwa uzito wake wote, na uzito huo haukuwa wa urafiki. Kati ya uchungu na uchungu aliuliza, uso wake ukiwa umeelekea godoro.

"Uliandika kwamba nimekojoa?"

"Niliandika."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ungemuua mwanangu."

"Ndiyo."

Nilidhani atanitemea mate, na nilikuwa tayari. "Na mimi ningekusaidia," akasema kwa chuki, na sikujua kama chuki hiyo alinipa mimi au alijipa mwenyewe. "Kanda. Unakuja."

Ulikuja mkali. Baada ya huo ukaja mwingine, karibu zaidi. Saa tisa Bi Rula alimpima: tisa, na kichwa kimeshuka. Alama yake aliichora kwa rula. Saa tisa na nusu wifi alisema anataka kusukuma, na safari hii hakuna aliyemwambia apunguze kelele. Alipiga kelele zote alizokuwa amezibana pamoja na mkojo wake tangu asubuhi. Mtoto wa kike akatoka saa kumi kasoro dakika saba, wa rangi ya samawati kwanza, kisha Bi Rula akamsugua mgongo kwa taulo, akawa mwekundu, akalia kwa hasira.

"Shangazi mtu," Bi Rula akaniambia, akininyooshea kidole, "shika mkasi huo, usisimame kama mlingoti."

Nilisafisha damu. Nilibadilisha mashuka. Kila nilichogusa niliomba juu yake, maana sikuwa na maneno mengine. Nilipomaliza, Bi Rula aliniita mezani. Chati ilikuwa mbele yake.

"Kata hizo tarakimu mbili. Mstari mmoja kila moja, zibaki zinasomeka. Andika ukweli kando. Weka sahihi."

Nikaweka rula, nikakata. Niliandika sifuri mara mbili, nikaweka sahihi yangu, ambayo nilijifunza kuiandika mwaka jana. Ilikuwa sahihi ya kwanza kuiweka kazini.

"Kalamu," akasema, akanyoosha kiganja. Nikampa.

"Kesho naandika taarifa kwa matroni wa hospitali. Nitaandika kila kitu, na nitaandika pia kwamba ulikuja kusema. Watakavyoamua ni wao. Ile barua ya mafunzo, mwaka huu usiniulize."

"Sawa."

"Usiseme sawa kama mtu anayekubali chai. Nilikuamini." Aligeuza karatasi. "Na mimi niliugusa mwinuko ule kwa mkono wangu nikasoma karatasi. Hilo nalo nitaliandika. Nenda."

Kaka alifika saa kumi na moja, amebeba matunda, ametabasamu kwa tahadhari, akitafuta majeraha. Alimbeba mwanawe, akauliza kama tumeelewana. Akasema anakwenda kutafuta soda.

Nilikuwa nakusanya vyombo wakati wifi aliponiita. Hakuniita kwa jina wala kwa undugu. Alisema tu, "Wewe."

Nikageuka.

"Niletee beseni."

Nililileta. Nilimsaidia kuinuka, nikamshika bega, nikatazama dirisha mpaka akamaliza. Nilipoinama kulichukua, alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kucha zikiingia.

"Chakula chako sitakula," akasema. "Hata leo."

"Sijapika."

"Na kabla ya kumshika mtoto, unanawa. Mpaka kwenye viwiko. Nitakuwa naangalia."

"Nitanawa."

Akaniachia. Nikaupeleka mkojo kwenye sinki, nikaumimina kwenye jagi, nikalinyanyua usawa wa macho, nikasubiri mkojo utulie. Nikalitazama mara mbili. Kisha nikaenda hadi mezani kwa Bi Rula, mikono mitupu.

"Kitanda cha kwanza," nikasema. "Mia mbili na themanini."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Akainuka, akaenda mwenyewe hadi kwenye sinki, akalisoma jagi. Akarudi, akakaa, akaandika.